Kumuuguza mpendwa anayepitia kemo: mwongozo wa nyumbani, siku kwa siku

Sehemu kubwa ya kemo, yaani matibabu ya saratani kwa dawa, haipitii hospitalini. Kule mgonjwa hukaa saa chache, dripu ikaisha, mkarudi nyumbani. Siku zinazobaki hadi dozi inayofuata, ambazo mara nyingi ni 14 au 21, yuko mikononi mwako. Hakuna muuguzi wa zamu wala mashine inayolia. Upo wewe, kipimajoto na simu.

Nilimuuguza mama yangu kwa mizunguko sita. Nilianza nikidhani kazi yangu ni kupika, kufua na kumtia moyo. Hayo yote yapo, lakini kilichomfaa zaidi ni jambo ambalo sikuambiwa mapema: kujua leo ni siku ya ngapi tangu dozi, na kuyaona mabadiliko kabla yeye mwenyewe hajakubali kuyasema. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata siku. Pale ambapo maagizo ya hospitali yenu yanatofautiana na ninayoandika, fuateni ya hospitali. Wao ndio wanaojua dawa anayopewa na hali ya mwili wake.

Kwanza, elewa dawa inafanya nini

Seli za saratani hugawanyika kwa kasi, na dawa nyingi za tibakemikali, ambayo wengi tunaiita kemo, hushambulia seli zilizo katika kugawanyika. Tatizo ni kwamba mwilini zipo seli zenye afya ambazo nazo hugawanyika kila siku: za uboho wa mifupa zinazotengeneza damu, za utando laini wa mdomo na utumbo, na za mashina ya nywele. Dawa haizibagui. Kwa hiyo vidonda vya mdomo, kuharisha, nywele kunyonyoka na damu kushuka si dalili kwamba saratani inazidi. Mama alipotapika mara ya kwanza alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo unaenea?" Nilitamani ningekuwa nimemweleza mapema. Na kinyume chake pia ni kweli: asiyepata madhara makali asidhani dawa haimfanyii kazi.

Kemo si dawa moja. Doksorubisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, na asiyejua hudhani ni damu. Siklofosfamidi huweza kuwasha kibofu, kwa hiyo mgonjwa anywe maji ya kutosha na asizuie mkojo. Oksaliplatini hufanya baridi iume: akishika chuma baridi vidole huchomachoma, akimeza maji ya friji huhisi koo limefunga. Basi siku chache baada ya dozi mpe vinywaji vya uvuguvugu, na asifungue friji mikono mitupu. Vinkristini hufunga choo na hugusa neva za vidole. Unaona kwa nini huwezi kuiga alivyofanyiwa jirani? Ugonjwa unaweza kuwa na jina moja, dawa zikawa nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Kabla ya dozi ya kwanza

Nendeni kwa daktari na maswali yaliyoandikwa. Hospitalini akili huruka. Mtu husahau hata alichotoka nacho nyumbani. Ulizeni majina ya dawa zote na myaandike herufi kwa herufi. Ulizeni mzunguko ni wa siku ngapi na mizunguko ni mingapi, madhara gani yanatarajiwa na siku zipi. Swali ambalo msiondoke bila jibu lake ni hili: usiku wa manane likitokea jambo, tunampigia nani na tunakwenda mlango gani?

Nanyi mwelezeni daktari kila kitu mgonjwa anachomeza, pamoja na mitishamba na vidonge vya virutubisho. Najua wengi huficha hili wakiogopa kukemewa. Msifiche. Kuna mimea inayoliharakisha ini kuondoa dawa mwilini, ikapungua nguvu, na mingine huizuia isitoke, ikarundikana ikawa sumu. Hata juisi ya balungi huingiliana na baadhi ya dawa.

Mambo mengine huulizwa kabla tu, kwa sababu baada ya hapo yanaweza kuwa yamechelewa. Kama mgonjwa bado ana umri wa kuzaa na angependa watoto, suala la kuhifadhi mbegu au mayai lizungumzwe sasa. Mimba haitakiwi kabisa wakati wa matibabu, awe mgonjwa ni mke au mume, kwa hiyo ulizeni njia ya kuzuia. Meno mabovu yashughulikiwe mapema. Chanjo nazo ziulizwe: mgonjwa wa kemo hapewi chanjo zenye virusi hai, ila ndugu wanaoishi naye wakichanjwa mafua wanamkinga na yeye.

Vya kununua si vingi. Kipimajoto cha kidijitali ndicho cha kwanza. Kisha glavu za kutupa, mswaki laini kabisa, beseni la kutapikia lenye mfuniko, sabuni ya mikono kwenye kila bomba, na daftari.

Hatua ya 2: Daftari

Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumwachia mtu anayeanza safari hii, nitamwachia daftari. Ukurasa mmoja, siku moja. Juu kabisa andika siku ya mzunguko, ukihesabu siku ya dozi kuwa siku ya 1. Chini yake: joto la asubuhi na la jioni, alichokula na kunywa, kutapika, choo, dawa alizomeza na saa alizomeza, maumivu kwa kiwango cha 0 hadi 10, na uzito mara moja kwa wiki. Mwisho acha mstari mmoja wa kitu chochote ulichokiona.

Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Siku ya 9. Joto 36.8, jioni 37.1. Mkate nusu kipande, supu bakuli moja, maji glasi tano. Choo hakuna, siku ya tatu sasa. Anatafuna upande wa kulia tu."

Mstari huo wa mwisho ndio uliotuokoa. Mama hakuwa amelalamika. Nilimwomba afungue mdomo nikamulika kwa tochi ya simu, na upande wa kushoto, ndani ya shavu, kulikuwa na kidonda cheupe chenye ukingo mwekundu, ukubwa wa kitufe cha shati. Alikuwa nacho siku mbili. "Sikutaka kukusumbua," akasema. Wagonjwa husema hivyo. Anayeuguza akisubiri kuambiwa, atachelewa.

Daftari lina faida nyingine: mzunguko wa pili hufanana sana na wa kwanza. Kama siku ya 4 ndiyo iliyokuwa ngumu, mtaitarajia tena, na mtajua wiki ipi anaweza kuhudhuria shughuli ya familia na ipi abaki kitandani.

Hatua ya 3: Siku ya dozi

Ale chakula chepesi kabla ya kutoka, na anywe maji, kwani mishipa huonekana vizuri mwili ukiwa na maji. Avae nguo ya mikono mipana. Beba shuka au sweta, daftari, maji, kitu cha kutafuna, na dawa zake za kila siku.

Dripu ikishaanza, yapo mambo mawili ya kumsemea papo hapo. La kwanza ni sindano ikichoma, ikiuma, au mkono ukivimba pale ilipoingia. Baadhi ya dawa zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo hakuna kuvumilia hata dakika moja. Mwite muuguzi afunge dripu. La pili ni kuwashwa, uso kuiva, kifua kubana, kupumua kwa shida au kizunguzungu. Huo unaweza kuwa mzio, na hospitalini wana dawa zake tayari. Mgonjwa mstaarabu hujizuia ili asionekane msumbufu. Msemee wewe.

Hatua ya 4: Saa 48 za kwanza

Dawa hutoka mwilini kwa mkojo, kinyesi, matapishi na jasho, na nyingi hutoka ndani ya siku mbili hivi. Hospitali nyingine hutaka tahadhari hadi siku saba kwa dawa fulani, kwa hiyo ulizeni. Kipindi hicho vaa glavu unaposafisha beseni, choo au mashuka yaliyochafuka, kisha nawa mikono hata kama ulivaa glavu. Choo cha kuvuta maji kifunikwe, maji yavutwe mara mbili. Mwanaume aketi anapokojoa, yasiruke matone. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito asishike kabisa uchafu huu. Wenye ndoa watumie kondomu.

Baada ya kusema hayo, niseme na hili kwa nguvu ile ile: kumkumbatia hakuna madhara. Kumshika mkono, kula naye meza moja, kulala chumba kimoja, wajukuu kumkalia pembeni, vyote ni salama. Nimewahi kuona mtu ametengewa sahani na kiti kana kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza, na uchungu ule ulimla kuliko kichefuchefu.

Kama kemo yake ni ya vidonge vya nyumbani, usivishike kwa mikono mitupu, usivisage wala kuvikata, na usivichanganye kwenye kikasha kimoja na dawa nyingine.

*Kichefuchefu.* Dawa ya kichefuchefu humezwa kwa saa. Usisubiri tumbo lichafuke, maana kutapika kukishaanza kukizuia ni kazi. Kipo kichefuchefu cha siku ile ile, na kipo kinachochelewa, kinachokuja kati ya siku ya 2 na ya 5. Hiki cha pili ndicho kinachowapata watu wakiwa wameacha dawa kwa kudhani yameisha. Dawa hizo nazo zina madhara yake. Ondansetroni hufunga choo na huleta kichwa kuuma. Deksamethasoni hufukuza usingizi, basi imezwe asubuhi kama daktari hakusema vingine, na mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi kwa sababu huipandisha. Dawa isipofanya kazi, usikubali jibu la "ndivyo kemo ilivyo". Zipo aina nyingi na zinaweza kubadilishwa au kuunganishwa.

Wapo wanaoanza kutapika hata kabla ya dripu, kwa kuiona njia ya hospitali tu. Si kujifanya, ubongo umejifunza. Mwambie daktari, kuna dawa za kumeza mapema kwa hali hiyo. Kwa mama, harufu ya sabuni ya kunawia niliyokuwa nikibeba kwenye mkoba ilitosha kumchafua roho. Nilibadilisha sabuni.

Asipoweza kubakisha hata maji tumboni kwa siku nzima, au mkojo ukawa haba na mweusi, au akasimama akaona giza, hiyo ni safari ya hospitali.

Hatua ya 5: Siku ya 3 hadi ya 6, chakula na uchovu

Uchovu wa kemo hauondoki kwa kulala. Mtu anaamka usingizini akiwa amechoka kama aliyetoka kulima. Inashangaza, lakini kutembea kidogo, hata dakika kumi kuzunguka nyumba, humsaidia kuliko kulala mchana kutwa. Panga kazi ya maana saa anazokuwa na nguvu, na nyingine ziache. Akikaa kwenye kiti kuoga, hajashindwa; anatunza nguvu za kula.

Kuhusu chakula, nilikosea sana mwanzoni. Nilikuwa napakua sahani nzima, nakaa mbele yake, nahesabu matonge. Akaanza kuogopa saa ya kula. Kilichofaa ni haba na haba: kiasi cha kiganja kila baada ya saa mbili au tatu, bila kumtazama. Chakula kilichopoa hakina harufu kali kama cha moto, na wengi huweza kukila. Ladha ya chuma mdomoni hupungua akitumia kijiko cha plastiki au cha mbao. Kipaumbele kiwe vyakula vya kujenga mwili: mayai, samaki, kuku, maharage, maziwa. Siku anayotamani kitu kimoja tu, mpe hicho hicho. Hakuna chakula cha kuponya saratani, na hakuna haja ya kumnyima vyakula kwa uvumi. Mwili unaojikarabati unahitaji kula.

Usafi wa chakula ndio usio na mjadala. Mayai yaive hadi kiini kigande, nyama isibaki na wekundu, maziwa yawe yamechemshwa, matunda yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka na ikiwezekana yamenywe. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili asile.

*Choo.* Akikaa siku tatu bila choo, piga simu. Ni afadhali kuomba dawa ya kulainisha mapema, hasa kama anatumia dawa kali za maumivu. Usimwekee dawa ya njia ya haja kubwa wala kumpiga bomba la maji bila ruhusa: mchubuko mdogo pale ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu. Kuharisha kukizidi mara nne kwa siku juu ya kawaida yake, au kukiwa na damu au homa, hospitali ijue siku hiyo hiyo. Usianze dawa ya kuzuia kuharisha kabla hujauliza. Wakati huo anywe maji ya chumvichumvi. Pakiti zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Hatua ya 6: Siku ya 7 hadi ya 14, wakati wa kuwa macho

Hapa ndipo watu hujisahau. Kichefuchefu kimepungua, mgonjwa ana nafuu, nyumba imetulia. Ndani ya damu mambo ni mengine: kwa dawa nyingi, chembe nyeupe hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Askari wa mbele katika chembe hizo huitwa neutrofili. Zikishuka chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu, bakteria wa kawaida waishio mdomoni au utumboni mwake mwenyewe wanaweza kuingia kwenye damu na kumwangusha kwa saa chache. Tena kwa kuwa chembe ni chache, huenda usione usaha, uvimbe wala wekundu. Homa inaweza kuwa ishara pekee.

Kwa hiyo kariri namba hii: nyuzi joto 38 za Selsiasi. Hospitali nyingine huweka 38.3, au 38 iliyodumu saa moja. Ulizeni ya kwenu mwibandike ukutani. Kama hujui, 38 ndiyo yako. Ikifika hapo ni dharura, iwe mchana au saa 8 usiku.

Ninaujua usiku mmoja wa namna hiyo. Ilikuwa siku ya 11. Mama alijifunika blanketi mbili akasema amechoka tu. Niliweka kiganja kwenye paji la uso, nikaona hana joto. Nilikaribia kuzima taa. Kisha nikaona miguu yake inatikisa blanketi, kidogo sana, kama mtu anayetetemeka kwa baridi asitake ijulikane. Kipimajoto kikasema 38.4. "Tungoje asubuhi, mwanangu, usiku huu utampata nani," akaniambia. Nikamjibu, "Hapana mama, tunaondoka." Chembe zake zilikuwa chini mno. Alitundikiwa antibiotiki ndani ya saa ile tuliyofika, akarudi nyumbani baada ya siku tano. Tangu hapo kiganja changu sikukiamini tena.

Kanuni zake ni chache na zishikwe zote. Pima kwa kipimajoto kile kile, mahali pale pale, asubuhi na jioni na wakati wowote anapojisikia tofauti. Usipime njia ya haja kubwa. Akiwa ametoka kunywa cha moto, subiri nusu saa kabla ya kupima mdomoni. Usimpe parasetamoli kabla ya kupima na kupiga simu, maana inashusha joto na kukuficha hatari huku maambukizi yakiendelea. Deksamethasoni nayo inaweza kuificha homa, hivyo kutetemeka, kuchanganyikiwa au kulegea ghafla kunatosha kukupeleka hospitali hata kipimajoto kikisoma 37. Joto chini ya 36 kwa mtu anayeonekana mgonjwa pia si salama.

Simuni au mapokezi, sema hivi bila kuzunguka: "Mgonjwa wangu yuko kwenye kemo, leo ni siku ya 11 tangu dozi, joto lake ni 38.4." Maneno hayo yakitangulia, mnapaswa kuhudumiwa mbele. Mkiambiwa mkae kwenye foleni, yarudie kwa muuguzi mwingine. Hospitali nyingi hulenga antibiotiki ianze ndani ya saa moja tangu kufika.

Kinga ya kila siku ni mikono. Kila anayeingia anawe kwa sabuni. Mwenye mafua, kikohozi, tetekuwanga au tumbo la kuharisha asije. Wapigie wageni simu mapema uwaambie wewe, ili mgonjwa asibebe lawama ya kuwakataa. Kama amewekewa mrija wa kudumu kifuani au mkononi, pakague kila siku: maumivu, wekundu, kulowa.

*Mdomo.* Vidonda huanza mara nyingi wiki ya kwanza au ya pili. Asukutue mara nne au zaidi kwa siku: lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kijiko kidogo 1 cha chumvi na kijiko kidogo 1 cha magadi ya kuokea. Ateme, asimeze. Dawa za kusukutua zenye alkoholi zinachoma na kukausha, ziwekeni kando, pamoja na ndimu na pilipili. Ukiona utando mweupe ulimini, huenda ni fangasi na una tiba yake. Akishindwa kumeza maji kwa maumivu, usisubiri kliniki.

*Damu.* Chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita, na kemo huzishusha nazo. Tazama ufizi, kinyesi, na ngozi ya miguu: vitone vyekundu kama vilivyochomwa kwa pini ni habari ya kupeleka hospitali leo. Aspirini na ibuprofeni asiguse bila daktari kusema. Pua ikitoka damu, aketi, ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 mfululizo bila kuchungulia.

Haya yafuatayo hayasubiri kupambazuke:

- joto la 38 au zaidi, au kutetemeka
- kupumua kwa shida au kifua kuuma
- damu isiyokatika, au matapishi na kinyesi cheusi au chenye damu
- kuchanganyikiwa, kupoteza fahamu, degedege
- mguu au mkono mmoja kuvimba na kuuma, maana saratani na tiba yake huongeza uwezekano wa damu kuganda mshipani
- mgongo kuuma pamoja na miguu kuishiwa nguvu

Hatua ya 7: Nywele, moyo na ukimya

Si kila dawa hunyonyoa nywele. Zinazonyonyoa huanza kati ya wiki ya 2 na ya 3, na ghafla: asubuhi mto umejaa. Wengine huona afadhali kuzikata fupi mapema, wengine hawataki hadi zianguke zenyewe. Muulize, usimwamulie. Kope na nyusi huweza kuondoka pia. Kichwa kitupu huhisi baridi usiku na huungua juani, kwa hiyo kofia laini ya pamba ni hitaji.

Kuhusu maneno, naomba tuache kumwambia mgonjwa "jikaze". Ameshajikaza. Mimi nilijifunza kuuliza, "Mama, leo tuongee au nikae tu hapa?" Mara nyingi alichagua nikae tu. Akilia, mwache alie. Lakini wiki mbili mfululizo bila kutaka lolote, bila usingizi, au akianza kusema ni heri asiwepo, huo ni ugonjwa unaotibika, na daktari aambiwe kama anavyoambiwa homa. Kusahausahau nako kupo: anapoteza neno katikati ya sentensi, anasahau kama amemeza dawa. Usimsahihishe mbele za watu. Shikilia daftari wewe.

Hatua ya 8: Wewe unayeuguza

Ukianguka wewe, nyumba nzima imeanguka. Tafuta mtu wa pili tangu mzunguko wa kwanza, umfundishe kipimajoto, namba ya 38 na daftari lilipo. Watu husema "ukihitaji chochote sema", na wanamaanisha, ila hawajui la kufanya. Wape kazi yenye saa: "Shangazi, Jumanne kaa na mama saa 3 hadi saa 7, mimi nilale." Ukiona unamkaripia mgonjwa, unasahau dawa zako mwenyewe, au unalia bila sababu unayoijua, siku ya kulala imepita, lala leo.

Hatua ya 9: Kabla ya dozi inayofuata, na baada ya ya mwisho

Kabla ya kila dozi hupimwa damu. Chembe zikiwa chini, daktari anaweza kusogeza tarehe, kupunguza dozi au kuandika sindano ya kuchochea uboho. Mama aliposogezwa wiki moja alidhani ameshindwa. Hakushindwa, mwili uliomba muda. Siku hiyo mpe daktari daftari, umwonyeshe siku mbaya zilikuwa zipi. Mtaje ganzi ya vidole hata kama ni ndogo: anayeshindwa kufunga vifungo vya shati huenda anahitaji dozi ibadilishwe kabla neva hazijaharibika zaidi. Taja pia masikio yanayovuma, hasa kama dawa yake ya kemo ni sisplatini.

Dozi ya mwisho ikiisha, usiweke kipimajoto kabatini. Damu itashuka tena kama ilivyoshuka mizunguko mingine, basi endelea kupima hadi daktari aseme chembe zimerudi. Uchovu hubaki miezi kadhaa, na ganzi ya vidole inaweza kukaa zaidi. Nywele huanza kuchomoza baada ya wiki chache, wakati mwingine zikiwa na rangi au mkunjo tofauti na wa zamani. Za mama zilirudi laini kama za mtoto mchanga. Hudhurieni kliniki zote za ufuatiliaji, na daftari mwende nalo.